Damu ya mwanangu iliishia wapi? Majibu kwa wasomaji kuhusu utafiti wa afya mitaani

Barua za wiki hii nyingi zawahusu watafiti wa afya wanaoingia mitaani mwetu. Nimechukua nne.

Mwaka juzi walimtoa mwanangu damu, wakasema watarudi na majibu. Hadi leo kimya. Nina haki gani? (Mama, Likoni)

Pole sana, mama. Unachodai ni haki yako, si hisani. Ile fomu ya ridhaa uliyotia sahihi au kidole gumba, nakala yake ni yako. Humo huandikwa nambari ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili iliyoruhusu utafiti. Anza na mtafiti. Akikupiga chenga, ipigie kamati. Imewekwa ikulinde wewe. Kama hukupewa nakala, hilo peke yake ni lalamiko. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 yakupa haki ya kujua taarifa za mwanao zatumiwaje. Ni kweli, si kila kipimo cha utafiti hutoa jibu la mtu mmoja mmoja, lakini hilo ulistahili kuambiwa siku ile, kabla ya sindano.

Kushiriki kunalipwa? (Kijana, Kisauni)

Nauli na fidia ya muda wako, ndiyo, na kiasi hupitishwa na kamati ya maadili. Pesa zikiwa nyingi hadi unaona haya kuuliza maswali, hapo ndipo uulize.

Twawapeleka watafiti nyumba kwa nyumba juani, ripoti ikitoka hatumo. Tufanyeje? (Mhudumu wa afya ya jamii, Changamwe)

Hili laniuma. Mlango hufunguliwa kwa sababu ni wewe uliyepiga hodi. Mgeni peke yake angeambiwa mwenye nyumba hayupo. Hiyo ni kazi, ilipwe kama kazi. Zungumzeni kabla bajeti haijafungwa: malipo, mafunzo, majina yenu kwenye ripoti, matokeo yatarudi lini na kwa lugha gani. Yaandikwe, kila upande ubaki na nakala. Wala msingoje kuitwa kubeba madodoso; dai kuwapo swali lenyewe linapotungwa, maana ninyi mwajua mtaa unalilia nini. Wasan, jamii ya asili ya Afrika Kusini, hawakungoja: mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa kila mtafiti anayewaendea.

Nina leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, na chifu ameitisha baraza. Yatosha? (Mwanafunzi wa utafiti, Tudor)

Umeanza vyema, mwanangu, ila baraza la saa nne asubuhi utawapata wazee. Mama wa mboga yuko soko la Kongowea, kijana wa tuktuk yuko barabarani. Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, hufanya kazi na wawakilishi waliochaguliwa na wakazi. Nenda ukajifunze kwao. Na ruhusa ya chifu si ridhaa ya mtu. Kila mmoja aulizwe, na akikataa, huduma yake ya kliniki isiguswe. Rudi mtaani baada ya Isha, rudi Jumapili watu wakitoka kanisani, na matokeo yakiwa tayari waite tena hao hao, hata kama hukupata ulichotarajia.