Maswali ya wasomaji: Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, binamu yangu amenipa namba 4,294,967,297 na kunitaka nimwambie kama ni tasa. Nimeigawanya kwa namba tasa zote zilizo chini ya 100, na kila mara kuna baki. Je, naweza kumjibu kwamba ni tasa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usimjibu hivyo. Namba hiyo inagawanyika kwa 641 bila baki, na jawabu lake ni 6,700,417. Kwa njia uliyoitumia, ungelazimika kuendelea hadi kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo mno.

Namba uliyopewa ni 2³² + 1. Ukianza na 2 na kutumia vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ukaongeza 1 kila mara, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa. Ndiyo maana mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa aliamini kwamba mfululizo huu hautoi kitu kingine ila namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inayofuata, yaani hii yako, si tasa.

Hebu rudi kwenye daftari lako utazame ulipogawanya kwa 3, kwa 5 na kwa 17: mara zote tatu baki ni 2. Hilo halikutokea kwa bahati, kwani 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, namba iliyopungua yako kwa 2 tu. Kwa hiyo hata 257 haiwezi kuigawanya.

Euler alithibitisha pia kwamba kigawo chochote kilicho tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo linaondoa karibu kila kitu: ukishaiweka kando 257, zinazobaki kujaribiwa ni 193, 449, 577, halafu 641. Kazi iliyokuchosha kurasa nzima inakwisha kwa kugawanya mara nne.

Lakini njia ninayoipenda zaidi haihitaji kugawanya hata mara moja. Angalia kwamba 641 ni 640 + 1, na pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kwa kuwa 640² − 1 ni 639 × 641, basi 640⁴ − 1, ambayo ni (640² − 1) × (640² + 1), nayo inagawanyika kwa 641. Sasa, 640 ni 5 × 2⁷, hivyo 640⁴ ni 625 × 2²⁸. Zidisha 641 kwa 2²⁸: unapata 625 × 2²⁸ + 16 × 2²⁸, na sehemu hiyo ya pili ni 2³² kamili. Toa 640⁴ − 1 kutoka kwenye jumla hiyo, na kinachobaki ni 2³² + 1. Namba mbili zinazogawanyika kwa 641 zikitolewa, tofauti yake nayo lazima igawanyike kwa 641.

Mwandikie binamu yako mistari hiyo michache. Mwambie pia kwamba hadi leo hakuna aliyepata namba tasa nyingine katika mfululizo huo baada ya 65,537.