Hazijamharibu mwenzako

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya pili nilitoka nikakaa kibarazani, maana si jambo la kulijibu huku nakoroga mboga. Unasema mwenzako wa chumba hapo Kuala Lumpur, yule binti wa Surabaya kule Indonesia, amemrudishia mchumba wake pete. Tangu aanze kuangalia tamthilia za Kikorea ameona kwamba kijana hamsikilizi, na hata nyumba watakayoishi aliichagua yeye na mama yake, binti akapewa habari tu. Shangazi zake wanapiga simu usiku wakilia kwamba tamthilia zimemharibu mtoto. Nawe unaniuliza: "Mama, ni kweli zimemharibu?"

Hapana, mwanangu.

Ulikuwa na mwaka na nusu tulipokuwa Nagoya, Japani, baba yako akisoma. Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi wa miaka sitini na kitu, tukimwita Obaasan, yaani "bibi" kwa Kijapani. Mwaka 2004 NHK, televisheni ya taifa ya huko, ilikuwa ikionyesha tamthilia ya Kikorea, Winter Sonata, Jumamosi usiku, naye alikuwa akinigongea mlango nishuke tukaangalie pamoja, wewe umelala mgongoni kwangu. Mumewe alikaa upande wa pili wa meza. Alikula kimya, bakuli likiisha analisukuma mbele bila neno, na Obaasan anainuka kulijaza huku macho yamebaki kwenye televisheni. Usiku mmoja mwigizaji mkuu, Bae Yong-joon, na miwani yake na skafu yake, alikuwa akimsikiliza mpenzi wake wa kwenye tamthilia, Choi Ji-woo, hamkatizi, hana haraka. Obaasan akasema polepole, bakuli bado mkononi: "Mimi sijawahi kusikilizwa hivyo." Kijapani changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini hilo nililielewa lote.

Sasa niambie, nani alimharibu? Alikuwa na miaka karibu arobaini ya ndoa. Kiu ilikuwepo siku zote, tamthilia ilimpa tu mahali pa kuinyooshea kidole.

Na hakuwa peke yake. Aprili mwaka huo Bae Yong-joon alipotua Haneda, watu kama 5,000 walikwenda kumpokea, wengi wao wanawake wa makamo. Wengine walipanda ndege hadi kisiwa cha Nami kule Korea kutembea chini ya miti waliyoiona kwenye tamthilia. Watu waliwacheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha, maana nilikuwa namwona Obaasan akijifunza herufi za Kikorea nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani, mstari kwa mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Japani iliitawala Korea tangu 1910 hadi 1945, na aliniambia kwamba baba yake hakutaka Mkorea akanyage kizingiti chao. Binti wa mzee huyo sasa anaandika Kikorea kwa mkono wake! Hilo, kwangu mimi, ni kubwa kuliko mapenzi yenyewe.

Kitu kimoja nataka umwambie rafiki yako. Waandishi wengi wa tamthilia hizo ni wanawake. Yule mwanaume anayesikiliza, anayekumbuka, anayeomba radhi, ameandikwa na mwanamke wa Seoul ambaye labda nyumbani kwake hajawahi kumwona wa namna hiyo. Tangu 2011 vijana wa Korea Kusini wana jina lao, sampo, kizazi kilichoachana na vitu vitatu: uchumba, ndoa na watoto. Mwaka 2023 kiwango chao cha uzazi kilikuwa 0.72, yaani hata mtoto mmoja kwa mwanamke hafiki. Nyumba ni ghali, kazi hazina saa, na mwanamke akishaolewa jikoni panamsubiri yeye peke yake. Kwa hiyo rafiki yako asidhani anaangalia maisha ya Wakorea. Anachosikia ni malalamiko ya wanawake wa Korea, na ameyaelewa kwa sababu ni yake pia.

Wakubwa nao wanajua nguvu ya jambo hili. Mwaka 2016, tamthilia nyingine ya Kikorea, Descendants of the Sun, ilipovuma China, wizara ya usalama wa umma huko ilitoa onyo kwamba kumpenda mno mwigizaji wake, Song Joong-ki, kunaweza kuleta ugomvi ndani ya ndoa. Korea Kaskazini, ambako tamthilia za kusini huingia kwa magendo kwenye flashi, sheria ya 2023 inakataza kumwita kijana asiye ndugu yako wa damu "oppa". Ni neno la msichana kumwita kaka yake, ila kusini wamelifanya pia la kumwita mpenzi. Kaskazini watu wanatakiwa waitane "ndugu", kama sisi enzi za Chama. Serikali yenye makombora inaliogopa neno moja la msichana, Neema. Nilivyolisoma hilo nilikaa nalo siku nzima.

Lakini kuna mahali namshika mkono rafiki yako. Asimtafute mwanaume huyo kwa pasipoti. Wasichana wengi wa Vietnam waliolewa Korea kupitia madalali, mchumba anaonwa leo, ndoa inafungwa baada ya siku chache, na wakajikuta vijijini na mume wasiyeweza kuongea naye. Baadhi walipigwa, wapo waliouawa. Ndipo mwaka 2014 serikali ya Korea ikaweka sharti kwa viza ya ndoa: wawili wawe na lugha ya kuelewana, na mume awe na kipato. Na hata Song Joong-ki na mwigizaji mwenzake Song Hye-kyo, waliopendana vile kwenye skrini, walioana kweli 2017 na wakaachana 2019.

Kuhusu pete, mimi siwezi kumwamulia. Ila muulize hivi, taratibu, mkiwa wawili tu: je, aliwahi kumwambia kijana mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba hakupenda kuchaguliwa nyumba? Au kijana aliyajua hayo siku ya pete? Jumapili nitakupigia, uniambie alichojibu.

Mama yako akupendaye