Sindano za Mapafu ya Mwana

*Chupa ilivuja nikiwa na wiki 30. Hospitali nikadungwa sindano nne za paja kwa siku mbili. Mgonjwa ni mimi au mwana?* (Mama wa Kisauni)

Dawa ni ya mwana, dada. Wewe ni njia tu. Hiyo ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara 4. Hupita kwenye kondo ikayakomaza mapafu. Mwana wa wiki 30 bado hana ute wa kutosha wa kuzuia vifuko vya hewa visigandamane. Nimewapokea wengi kabla ya sindano hii kuzoeleka: kifua kinabonyea mbavuni kila akivuta pumzi, na akiitoa anaguna kama mzee aliyebeba gunia. Kinga huwa bora akizaliwa kati ya siku moja na saba tangu sindano ya kwanza. Uchungu ukikazana, hata moja ni afadhali kuliko bure, kwa hivyo usimlaumu muuguzi kwa haraka yake.

*Hatujaribiwi kweli?* (Mumewe)

Tiba ya aina hii ni ya tangu 1972, bwana, ilipothibitishwa New Zealand baada ya kuonekana kwa wanakondoo. Kenya nayo ilikuwamo katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa nchi tano uliotoka 2020, na vifo vya vichanga vilipungua.

*Steroidi si zile za vijana wa jimu? Binti yangu asije akaota ndevu!* (Baba wa Changamwe)

Haoti. Zile ni za homoni ya kiume. Hizi ni za ukoo mwingine kabisa.

*Mavyaa asema wa miezi saba huishi, wa minane haishi.* (Bi wa Majengo)

Mwamkie mavyaa, lakini hapo sikubaliani naye. Kila wiki tumboni ni faida. Sindano yenyewe hutolewa zaidi kati ya wiki 24 na 34.

*Nikisikia uchungu mapema, ninunue sindano duka la dawa hapa Likoni nidungwe nyumbani?*

La, mwanangu. Kwanza ijulikane mimba ina wiki ngapi, na kama kizazi kina maambukizi. Ukiwa na kisukari, sukari itapanda siku kadhaa. Na mwana akitoka, nyumbani oksijeni utaipata wapi? Panda feri uje hospitali. Kitabu cha kliniki kiwe mkobani: tarehe ya hedhi ya mwisho ndiyo tutakayokuuliza kwanza.