Maswali na Majibu: Kigari cha Kutembelea, Kipi Kimfae Nani?

*Shikamooni. Mama yangu ana miaka 71, magoti yamechakaa na mkongojo haumtoshi tena. Tunakaa Uyole, njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani ni ya udongo na ina mteremko. Dukani tumeonyeshwa woka (vigari vya kutembelea) mbili za matairi manne: moja nyepesi yenye tairi ndogo, nyingine nzito kidogo yenye tairi kubwa. Tuchukue ipi?*
Binti wa Uyole, Mbeya

Marahaba, mwanetu. Kwa njia uliyoieleza, yenye tairi kubwa ndiyo ya kwenu. Lakini msitoe hela kabla ya kumpima mama, maana kimo kikikosewa hata tairi nzuri hazitamsaidia.

Mvisheni viatu anavyotembelea kila siku. Asimame wima, mikono ining'inie yenyewe bila kukazwa. Chukueni futi kamba mpime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Hicho ndicho kimo cha mishikio. Akishika, viwiko vinatakiwa kukunjika kidogo tu. Mishikio ikiwa juu mno, mabega yanapanda na mikono inachoka kabla ya miguu. Ikiwa chini mno, anainama, uzito wake unatangulia mbele, na kigari kinaanza kumvuta. Kwa mama zetu wafupi tatizo hili ni kubwa: mwenye kimo cha sentimita 150, mkunjo wake hufika kama sentimita 75, ilhali woka nyingi za kawaida, hata zikishushwa hadi tundu la mwisho, mishikio haishuki chini ya sentimita 78. Muulizeni muuzaji woka fupi, zinatengenezwa. Akiwaambia mama "atazoea", msikubali. Hatazoea, ataumwa mabega na mgongo.

Sasa tairi. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 15, yaani kutoka ukingo hadi ukingo, ni la sakafu ya saruji, la kanisani na la hospitali. Kwenye udongo ulioshindiliwa anzieni sentimita 20, na penye mawe na mifereji ya maji ya mvua tafuteni kubwa zaidi, hasa mbele. Tairi dogo likikutana na jiwe husimama ghafla, na mwili ulio nyuma yake hausimami. Wengi huanguka kwa namna hiyo. Angalieni pia nafasi kati ya tairi na uma unaolishika. Kama kidole hakipiti, tope jekundu la masika litajaa hapo na tairi litagoma kuzunguka. Na tuseme ukweli: kwenye tope bichi la Machi hakuna tairi la woka linalofaa. Mkimwaga kokoto na kuzishindilia kwenye hatua chache za mwanzo kutoka mlangoni, mtakuwa mmemsaidia kuliko tofauti ya bei kati ya woka hizo mbili.

Tairi gumu lisilo na upepo ndilo tunalolipendekeza. La upepo hupunguza mtikisiko, lakini mwiba mmoja tu na safari imekwisha.

Pimeni milango, mkianza na wa choo. Woka ya matairi manne huwa na upana wa sentimita 60 hivi, nyingine hufika 68, na milango mingi ya vyoo vya nje ni myembamba kuliko hapo. Muuzaji anaweza kuwaonyesha ya matairi matatu kwa sababu inapita kwenye uwazi mdogo. Kwenu hapana: ikikatwa kona kwenye mteremko huinuka upande mmoja. Kama choo hakiingiliki, wekeni vishikio imara ukutani kuanzia mlangoni na woka ibaki nje, breki zikiwa zimefungwa.

Uzito wa woka yenyewe una maana kwa yule atakayeipakia kwenye bajaji. Ya aluminiamu huwa na kilo 6 hadi 8, ya chuma 9 hadi 11. Uzito inaoubeba ni jambo jingine, nao huandikwa kwenye kibandiko: nyingi ni kati ya kilo 100 na 136. Isiyo na kibandiko iacheni.

La mwisho kwa mama, na ndilo linalosahaulika kuliko yote, ni vidole. Breki za woka hubanwa kwa kuvuta kibano juu kuelekea kwenye mshikio. Kukisukuma chini mpaka kilie "tak" ni kuifunga isimame. Mwenye baridi yabisi anaweza kubana vizuri dukani saa nane mchana, kisha ashindwe asubuhi ya Julai vidole vikiwa vimekakamaa kwa baridi. Ajaribu asubuhi. Akishindwa, msinunue ya matairi manne. Ipo fremu yenye tairi mbili mbele na miguu miwili ya raba nyuma. Haina breki za mkono kwa sababu miguu ya nyuma huishika ardhi yenyewe.

Kwenye mteremko, abane breki zote mbili kidogo kidogo, hatua ziwe fupi, na mwili ubaki katikati ya mishikio, usiachwe nyuma. Akipanda, akaribie zaidi. Akichoka asikalie kiti cha woka pale mlimani hata kama breki zimefungwa. Akalie penye tambarare tu.

*Babu yetu alivunjika nyonga akafanyiwa upasuaji wiki tatu zilizopita. Mtaalamu alisema asiukanyagie mguu kwa uzito wote. Mjomba kamletea woka nzuri ya matairi manne. Aanze nayo?*
Mjukuu, Iringa mjini

Asianze nayo. Tairi humwondolea mtu kazi ya kunyanyua, ila halimbebei uzito. Babu yako sasa anahitaji kitu cha kuegemea kwa mikono yote miwili ili mguu upumzike, na kitu chenye tairi nne kikiegemewa hivyo kinakimbia. Kwa kipindi hiki fremu ya miguu minne ya raba ndiyo yake: fremu mbele kwanza, itulie kwa miguu yote minne, kisha mguu mbovu, kisha mzima. Akiinuka kitini asivute fremu; asukume kwa mikono kwenye kiti, akishasimama ndipo ashike. Zawadi ya mjomba itunzeni. Siku mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) atakaposema mguu unaweza kubeba uzito wote, mrudi naye kliniki na woka hiyo ipimwe akiwa ameishika.

*Mume wangu alipata kiharusi. Mguu wa kushoto unaburuta lakini anatembea, mkono wa kushoto haushiki kitu. Woka ya breki mbili itamfaa?*
Mama wa Mafinga

Pole, mama. Ya kawaida haitamfaa. Akisukuma kwa mkono wa kulia pekee, woka itageukia kushoto, upande ule ule ulio dhaifu. Akibana breki ya kulia, tairi moja litasimama na jingine litaendelea, naye atazungushwa. Zipo zenye kibano kimoja kinachofunga tairi zote mbili za nyuma, ila bado zinataka mkono wa pili uweze angalau kutulia juu ya mshikio.

Mara nyingi mwenye hali hii husaidiwa vizuri zaidi na bakora yenye miguu minne chini, ikishikwa kwa mkono mzima, yaani wa kulia. Mpelekeni kwanza kwa wataalamu wa fiziotherapia wamwangalie anavyotembea. Kama mguu unaburuta kwa sababu kifundo hakinyanyuki, kuna kifaa cha kuvaa kinachoinua unyayo, na hicho kinaweza kuwa na faida kuliko woka yoyote. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya fiziotherapia, ulizeni pia kwenye hospitali iliyo karibu nanyi.

*Baba ana ugonjwa wa Parkinson. Woka tuliyomnunulia inamkimbia, hatua zake zinakuwa fupi na za haraka mpaka anataka kuanguka kifudifudi. Akifika mlangoni anaganda.*
Kijana wa Makambako

Woka nyepesi kwa mgonjwa wa Parkinson ni hatari ya kweli, kijana, msiendelee kumwacha nayo peke yake. Kwake tafuteni yenye breki zinazofanya kazi kinyume: imefungwa wakati wote, inatembea pale tu anapobana, na akiachia inasimama. Nyingine zina skrubu kwenye tairi za nyuma ya kuongeza ukinzani ili zisizunguke upesi. Kama mliyo nayo ina skrubu hiyo, ikazeni kidogo kidogo, pande zote sawa, mpaka mwendo wa woka ulingane na wake. Woka nzito kidogo hapa ni afadhali.

Anapoganda mlangoni, msimvute wala msimharakishe. Asimame, woka itulie, mhesabu naye moja, mbili, tatu, kisha aanze kwa hatua ndefu. Bandikeni vipande vya utepe wa gundi wa rangi sakafuni kabla ya kizingiti, vikikatiza njia, awe anavivuka kimoja kimoja. Macho yakipata kitu cha kuvuka, miguu mara nyingi hufuata. Na mwelezeni daktari saa anazoganda zaidi, kwa sababu huenda zinahusiana na saa za dawa.

*Je, tunaweza kumkalisha bibi kwenye kiti cha woka tukamsukuma hadi kanisani? Ni mwendo mfupi. Halafu anaona aibu, anasema hicho ni kitu cha wagonjwa.*
Wajukuu, Njombe

Kumsukuma, hapana. Kiti kile ni cha kupumzikia, tairi za mbele zikigonga jiwe woka hupinduka naye, na miguu yake haina pa kukanyaga isipokuwa chini ya tairi. Kama mwendo unamshinda, mtafutieni kiti cha magurudumu cha kweli.

Kuhusu aibu, mwambieni kigari cha matairi manne kilibuniwa mwaka 1978 na mwanamke wa Uswidi, Aina Wifalk, aliyepata polio angali kijana na aliyetaka kutembea mwenyewe bila kusubiri wa kumshika mkono. Mwacheni pia achague kitambaa cha kufunika kikapu. Mtu huitumia woka aliyoichagua.

*Breki za woka ya mama hazishiki siku hizi, na inavuta kulia. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Fundi wake yupo wapi?*
Msomaji wa Tukuyu

Fundi baiskeli aliye jirani anatosha, kwa sababu waya ni ule ule. Kwanza angalieni tairi: fungeni breki, sukumeni. Tairi la nyuma likizunguka, waya umelegea au tairi limelika. Kwenye kibano au karibu na tairi kuna skrubu ndogo ya kukazia waya yenye nati ya kufungia, nyingi huchukua spana namba 10. Legezeni nati, zungusheni skrubu nusu mzunguko kuelekea nje, jaribuni, kisha kazeni nati. Breki isiguse tairi ikiwa imeachiwa, lakini ishike kabla kibano hakijafika mwisho. Tairi lililolika upande mmoja halitengenezeki, libadilishwe.

Kuvuta kulia mara nyingi husababishwa na moja kati ya haya: breki ya kulia inagusa tairi muda wote, nyuzi za khanga na majani vimejisokota kwenye ekseli, au mshikio mmoja umewekwa tundu moja juu ya mwenzake. Kwa iliyotumika, tazameni pia maungio yanapokunjika kama kuna ufa. Ufa wa fremu hauchomelewi kienyeji, hasa kwenye aluminiamu.

Mvua ya Tukuyu hula waya kutoka ndani ya mfuniko wake. Tieni tone la mafuta ya cherehani pale waya unapoingia, na msiyaache yafike kwenye tairi wala kwenye breki. Nyuzi za waya zikianza kukatika badilisheni wa pande zote mbili kwa pamoja, kisha baada ya wiki moja mkaze tena, kwa kuwa waya mpya hunyooka na kulegea.