Jina la jarida kupita nyuma ya kichwa cha mwigizaji

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili: namna ya kulipitisha jina la jarida nyuma ya kichwa cha mwigizaji kwenye Photoshop, na kwa nini jalada linalopendeza kwenye simu linachapwa likiwa na ukungu.

Ukungu unatokana na udogo wa picha. Picha yenye upana wa pikseli (nukta zinazounda picha) 1080, ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, inatosha sentimita 9 tu, wakati jalada la A4 linataka pikseli 2480 kwa 3508. Kuivuta hakusaidii. Mwombe mpiga picha faili halisi, siyo ile iliyobanwa na WhatsApp, na uache milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa.

Sasa jina. Nakili leya (tabaka) ya picha, weka jina katikati ya leya hizo mbili, kisha ya juu uiwekee maski (kifuniko kinachoficha sehemu ya leya bila kuifuta) na kupaka nyeusi kila mahali isipokuwa kichwa na mabega. Tafadhali usitumie kifutio! Kilichofutwa kimekwenda, lakini kwenye maski ukipaka nyeupe sehemu inarudi. Nywele ndizo zitakazokuchosha: kuza picha, tumia brashi laini, usiharakishe.

Kichwa kisifunike zaidi ya herufi moja au mbili, maana mpita njia lazima alisome jina kwa mbali. Hata GIMP, programu kama Photoshop ambayo ni ya bure, inafanya haya yote.