Unataka kufuga sisimizi kwa keja? Anza na nyumba ndogo

Watu wakiona tyubu zangu za sisimizi juu ya kabati swali huwa ni moja, ati ninunue nyumba gani, ile kubwa ya kioo imejazwa mchanga ama ile ya jeli ya bluu. Hakuna. Si saa hii. Na hiyo ya jeli usiiguse kabisa, inapendeza kwa picha lakini koloni, yaani malkia na wafanyakazi wake wote, haiwezi kukua humo, ikikaa inaota ukungu na mayai hayana pa kulelewa, wale wafanyakazi wanachimba chimba tu mpaka wanaisha mmoja mmoja.

Nyumba unamjengea malkia, si macho yako. Mvua ndefu zikishika Machi hadi Mei, ama zile fupi za Oktoba kwenda Disemba, malkia wanaruka, wanapandwa hewani, mmoja anatua, anajikata mabawa mwenyewe alafu anatafuta shimo anajifungia ndani. (Angalia kiuno lakini, kama hana kiuno chembamba na mabawa yake manne yanatoshana hiyo ni kumbikumbi, peleka kwa sufuria.) Spishi nyingi za huku malkia akishajifungia hali kitu chochote mpaka watoto wa kwanza watoke, anaishi kwa mafuta ya mwili na ile misuli ya mabawa ambayo hana kazi nayo tena. Shimo lenyewe ni dogo, giza, lina unyevu kidogo na halina mtu wa kumsumbua. Hiyo ndo ramani yako yote ya ujenzi.

Kwa hivyo nyumba ya kwanza ni tyubu ya glasi ya maabara, zinauzwa kwa maduka ya vifaa vya maabara huko tao na bei si ya kutisha. Weka maji mpaka theluthi moja, sukuma pamba polepole mpaka iguse maji na ionekane imelowa upande wa ndani, si kuchuruzika, alafu malkia, alafu pamba nyingine kavu mlangoni. Pamba iwe ile tupu ya kemisti, isiwe na marashi wala dawa. Funika na kitambaa ama foili, weka mahali hapatingishiki na umwache. Kumwacha ndo kazi ngumu, najua, lakini malkia akimulikwa kila jioni na simu anaanza kula mayai yake.

Baridi ya Julai hapa ni shida, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na mabuu wengi wanakua vizuri kwa joto la kama nyuzi 24 hadi 28. Wengi huweka tyubu juu ya rauta ama dikoda na ni wazo zuri tu, lakini angalia ni upande gani unakaa kwa joto. Ukipasha ule upande wa maji, hewa iliyobaki nyuma ya maji inapanuka, inasukuma maji yanapita pamba, asubuhi unapata malkia amekwama kwa dimbwi na mayai yanaelea. Joto liende upande mkavu, na liwe la kupapasa tu, ukiweka kidole uhisi uvuguvugu basi.

Sasa wametoka wafanyakazi kumi na kitu na wewe tayari unataka kuwahamisha. Tulia. Koloni changa ukiipa nafasi kubwa ni kama kumhamisha mtu wa bedsita kwa jumba la Karen, huko kwa matajiri, peke yake, ataishi chumba kimoja na hivyo vingine vijae takataka. Sisimizi ndivyo wanafanya haswa, vile vyumba vya ziada wanageuza jaa, wanaficha vipande vya mende unaowalisha huko ndani ambako mkono wako haufiki, ukungu unaanza na koloni inaingia mashaka. Mi hungoja mpaka tyubu ionekane imejaa kweli, ishirini thelathini hivi, na hata hapo kitu cha kwanza naongeza si nyumba, ni uwanja, yaani mkebe wa plastiki wa kawaida ambao wanatoka kula na kutupa taka, na tyubu yao inabaki imelazwa humo humo.

Kuta za mkebe ndo zinaamua kama wewe na kea-teka mtabaki marafiki. Dawa ya bei rahisi ni pauda ya mtoto, ile ya talki, ichanganye na spiriti iwe kama uji mwepesi, paka pete ya sentimita kadhaa kwa ndani, chini ya mdomo wa mkebe, spiriti ikikauka inabaki tabaka nyeupe ambayo miguu yao inateleza. Ukiigusa na kidole imeharibika hapo hapo, paka tena. Siku za mvua hewa ikiwa nzito inalegea, so usiamini sana, weka na kifuniko chenye wavu. Wavu wa chujio la chai la chuma unafaa kwa sisimizi wakubwa, kwa wale wadogo wadogo wanapita kama mlango uko wazi.

Nyumba yenyewe, kwa hali ya hewa ya hapa na mfuko wa hapa, mi niko upande wa plasta. Akriliki, ile plastiki ngumu inayoonekana kama kioo, ni safi na unaona vizuri lakini hainyonyi maji, unyevu unageuka matone kwa kifuniko. Plasta inanyonya na kuachilia pole pole. Nunua plasta ya Paris hadiwea, chukua mkebe mdogo wa kutoshea kiganja, chini finyanga kwa plastisini, ule udongo laini wa watoto kuchezea, vyumba vitatu vinne na vinjia vya kuunganisha, kina kama sentimita moja, na kando kabisa upande mmoja finyanga shimo ambalo halijaungana na chochote, hilo ni la maji. Changanya plasta vipimo viwili kwa kimoja cha maji, mwaga, gongagonga mkebe Bubbles zipande juu. Itapata moto ikiganda, usishtuke. Ikishika toa, chomoa plastisini, alafu iache ikauke kabisa, na nikisema kabisa namaanisha wiki na zaidi, plasta mbichi ikifungiwa gizani inaota ukungu kabla hata hujaleta mpangaji. Kioo cha juu mwambie fundi wa vioo akukatie kutoka kwa vipande anatupa.

Lile shimo la maji ndo siri yote. Ukiongeza maji hapo tu, upande ule unakuwa na umande na upande wa mbali unabaki mkavu, sisimizi wenyewe wanachagua: mayai na mabuu wadogo wanaletwa karibu na unyevu, na kama ni wale wavunaji, mbegu zao wanaweka ghala kule kukavu kwa sababu mbegu ikilowa inaota. Ukimwagia nyumba nzima umewanyima kuchagua. Funika kioo na karatasi nyekundu ya selofeni, rangi hiyo wengi wao hawaioni vizuri kwa hivyo wewe unaona na wao wako gizani. Kuna spishi zinatafuna plasta, ukiona unga mweupe kwa uwanja ujue wanaongeza vyumba bila kibali chako.

Siafu usijaribu. Wao ni wa kuhamahama, koloni ni mamilioni, hakuna mkebe.

Na kuhusu kibali, hii ni serious. Mnakumbuka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walipatikana Naivasha na malkia kama 5,000 wamefungwa kwa tyubu na pamba, korti ya JKIA, ile ya uwanja wa ndege Nairobi, ikawapiga faini ya shilingi milioni moja kila mmoja ama mwaka mmoja ndani. Sisimizi ni wanyamapori kama tembo tu mbele ya sheria. Kabla ya kuokota, ongea na KWS, lile shirika la wanyamapori, na kuuza ama kutuma nje usifikirie. Pia usiwahi kuachilia koloni mahali haikutoka. Kule Laikipia sisimizi wageni wa kichwa kikubwa walifukuza wale wanaolinda migunga, tembo wakavunja miti, na utafiti uliotoka 2024 ukaonyesha hata simba wamekosa pa kujificha wakiwinda punda milia.

Siku ya kuhama usiwatikise watoke. Unganisha tyubu na nyumba kwa bomba jembamba la mpira, toa foili ile tyubu ya zamani ibaki kwa mwanga, nyumba mpya iwe giza na unyevu tayari. Wengine wanahama usiku huo huo, wengine wanakaa hapo na kiburi mpaka maji ya tyubu yaishe. Na kama ploti inapuliziwa dawa ya kunguni, hamisha mkebe wote kwa rafiki kabla fundi afike, urudishe nyumba ikishapata hewa, na mende wa nyumba hiyo usiwalishe tena.