Mwanangu, umeniuliza kama kuhamahama timu ni kufeli

Mwanangu mpenzi,

Umeniandikia hivi: "Mama, nikiishia kuwa yule mchezaji wa difensi laini, mstari wa mbele wa ulinzi, anaeachwa kila msimu, leo timu hii kesho ile, si ni bora niache tu nitafute kazi na digrii yangu?" Sikutaka kukujibu kwa vois noti, ningelia katikati, ndo maana naandika.

Usiache baba, bado. Na najua mjomba wako kaandika kwenye grupu la familia kwamba mtoto hana timu ya kudumu, hiyo iache ipite, yeye anafikiri kazi yenu iko kama ya benki, unaingia mlango mmoja unatokea huko huko siku ya kustaafu. Hebu tupige hesabu. Timu za NFL, ligi yenu ya mpira wa Kimarekani, ziko 32, kila moja inaingia kambini na watu 90, mwisho wa Agosti wanatakiwa wabaki 53, maana yake watu 37 wanatolewa kila timu, jumla ni zaidi ya elfu moja wanapoteza kazi siku zilezile, na wengi wao walikuwa mastaa vyuoni kwao. Sasa utaniambia wote hao wabovu? Kuachwa kwenye hii kazi yenu ni jambo la kila mwaka kama mvua za masika, cha kuangalia ni nani anapiga simu baada ya hapo.

Nataka umwangalie Efe Obada. Najua unamjua kwa jina ila sijui kama unaijua njia aliyopita. Mtoto wa Nigeria, kapitia Uholanzi, kafikishwa London ana miaka kumi yeye na dada yake wakatelekezwa barabarani, wakalelewa nyumba za watu tofauti tofauti. Alikuwa anafanya kazi stoo ya vyakula, mpira wenu huu kaujua ukubwani, kachezea London Warriors mechi tano tu halafu Dallas Cowboys wakamsaini 2015. Wakamuacha. 2016 Kansas City wakamchukua wakamuacha, Atlanta wakamchukua wakamuacha, timu tatu hizo na hajagusa hata mechi moja ya ligi! 2017 Carolina wakampa nafasi ya wachezaji wa nje, mwaka mzima anafanya mazoezi tu, sheria hairuhusu hata apandishwe kwenye wale 53. Halafu Septemba 2018 mechi yake ya kwanza dhidi ya Cincinnati kamwangusha kwotabeki, yule anaerusha mpira, kadaka pasi ya adui, wiki ile akatajwa mchezaji bora wa ulinzi wa NFC nzima, nusu moja ya ligi. Mwaka uliofuata timu ikaenda kucheza London, palepale alipotelekezwa, akawa mmoja wa manahodha. Mi hapo nilimshukuru Mungu kama vile ni mwanangu.

Ila mwanangu sitaki ushike ile siku moja ya Cincinnati tu, shika kilichofuata. 2020 kaangusha makwotabeki mara tano na nusu (nusu ni pale mnapomwangusha watu wawili), msimu wake bora kuliko yote, na bado Carolina hakubaki, akaenda Buffalo 2021, akaenda Washington 2022. Kwa hiyo hata ukifanya vizuri unaweza kuhama, ni hela za timu, ni kocha mpya anataka watu wake, ni mtoto wa drafti, aliyechaguliwa juzi tu kutoka chuo, analipwa kidogo. Na kwa nini yeye aliendelea kupigiwa simu? Kwa sababu anaweza kusimama pembeni mwa mstari na anaweza kuingia ndani katikati, kwenye nafasi ya takel, wakati wa pasi, kocha anapata watu wawili kwa mshahara mmoja. Nyie watu wa mbele mnachoka, kila snepu, mpira ukianza kuchezwa, mnagongana na jitu la kilo 140, hakuna timu inayoweza kuwaacha walewale wanne uwanjani mechi nzima, lazima pawe na wa kupokezana, na huyo wa kupokezana akijua kushika gepu lake, ule mwanya anaoulinda, na kuwakalia wablokaji wawili wanaomzuia ili mwenzake wa nyuma amwangushe mwenye mpira, jina lake halitokei kwenye takwimu lakini makocha wanaangalia video na wanaona. Jifunze nafasi zote za ule mstari, zote kabisa.

Mimi mwenyewe tangu nimefika Texas nimefanya kazi za ejensi, kituo hiki cha wazee mwezi huu kile mwezi ujao, na hakuna siku nimejiona mimi si nesi.

Sasa hela. Hapo kwenye skwodi ya mazoezi, wale wa akiba walio nje ya wale 53, mwaka 2024 kima cha chini kilikuwa dola 12,500 kwa wiki, ni nyingi sana, lakini ni kwa wiki, wanaweza wakakutoa jumanne asubuhi na ijumaa huna kitu. Kwa hiyo usikodi apatimenti ya mwaka, usinunue gari, ishi kama mtu ambae kesho anapanda ndege. Na timu nyingine ikikuita kwenye wale 53 nenda, maana lazima wakulipe angalau wiki tatu, usibaki sehemu kwa sababu umezoea jiji.

Mwili wako nao nautazama kwa wasiwasi, sikufichi. Obada huyohuyo mwisho wa Oktoba 2023 alivunjika mguu vibaya dhidi ya Philadelphia, nilizima tivii. Ukiumia kichwa sema, hata kama unaogopa nafasi yako itachukuliwa, sema. Siku mguu au kichwa kikikataa njoo nyumbani na digrii yako, hapo nitakuambia acha mimi mwenyewe.

Kitu kimoja nataka ufanye wiki hii: mtafute mwakilishi wa chama cha wachezaji hapo klabuni kwenu muulize msimu wako unahesabiwaje. Pensheni inataka misimu mitatu, na msimu unahesabiwa ukiwa kwenye rosta yenyewe, orodha ya wale 53, mechi tatu au zaidi, wiki za skwodi ya mazoezi hazihesabiwi. Ukifikisha hiyo mitatu una pensheni na bima ya afya miaka mitano baada ya kuacha. Akikujibu nitumie picha ya alichokuandikia, tuisome pamoja jumapili nikitoka shifti.

Mama yako